Kura ya Mama Mkononi Mwangu

Kazi yangu ni kuandika walichosema wengine. Ukimwambia mtu unafanya kazi Majlis ya Shura, bunge letu hapa Omani, macho humtoka. Ukimwambia wewe ni yule mwanamke anayekaa kule chini ya jukwaa la mwenyekiti akiandika, macho yanarudi mahali pake. Haidhuru. Mimi nilikuwa nikijivunia. Zaidi ya miaka ishirini nimeandika kumbukumbu za vikao, mahdhari tunavyoziita, na sharti lake ni moja: usiongeze, usipunguze. Mjumbe akikohoa katikati ya maneno hatuandiki kikohozi. Lakini akijikanusha tunaandika kujikanusha kwake, hata kama kesho yake atakuja ofisini kwetu kuomba neno lilainishwe. Huambiwa kwa adabu kwamba limeshasemwa.

Nalitanguliza hili ili mjue ni mtu gani aliyefanya nitakayoyasimulia. Sikuwa mjinga, wala si kwamba sikujua thamani ya neno la mtu. Niliijua kuliko wengi, na hilo halikunizuia kuliiba neno la mama yangu mzazi.

Mama anakaribia miaka themanini. Aliingia Maskati kutoka Unguja akiwa bado kijana, ana mume, watoto wawili na Kiarabu cha msahafu tu. Kurani akiisoma yote kwa tajwidi, lakini kununua ratili ya nyanya alikuwa hawezi. Kiarabu cha nyanya alikisoma ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, nacho kikakaa kinywani mwake kilivyotaka chenyewe. Mwanamume akimfanya mwanamke, ya jana akiyapeleka kesho, na neno likimpotea anachomeka la Kiswahili na safari inaendelea. Na sauti yake, lo! Duka zima lilijua anataka nini. Mwenye duka la mtaani kwetu hapa Al Khoudh ni mtu wa Bangladeshi, na Kiarabu chake nacho ni cha kubahatisha. Wakikutana wawili wale, lugha haiponi, lakini sijawahi kumwona mama akirudi na kitu asichokitaka.

Mimi nilizaliwa hapa, kitinda mimba. Shuleni nilikuwa wa kwanza wa Kiarabu mwaka baada ya mwaka, na msidhani ni kwa mapenzi ya sarufi. Nilisikia wasichana wakiniita Mzanzibari kwa kubinua midomo, nikaapa hakuna atakayenisikia nikikosea. Mama akija shuleni kuulizia hali yangu kwa walimu, nilikuwa naingia msalani mpaka aondoke. Nilikuwa na miaka kumi wakati huo, mtu angeweza kunisamehe. Sasa nimeingia hamsini.

Baba, Mungu amrehemu, alipenda kutueleza mambo ya Majlis yalivyoanza, kwa sababu aliyaona yakikua. Zamani, akisema, lilikuwako baraza la watu wa kuteuliwa tu. Halafu ikaja Shura, kila wilaya ikawa na mtu wake, lakini si mtu uliyemchagua wewe. Masheikh na wakubwa wa wilaya walikaa wakatoa majina, majina yakapelekwa juu, na juu kukatoka jina. Baba hakuitwa katika vikao hivyo. Nani angemwita? Sisi wenye asili ya hapa tuliorudi kutoka Afrika tulikuwa bado tunatafuta pa kukaa, seuze pa kuchagulia. Kisha duara likapanuliwa kidogo kidogo: baadhi ya watu wakapewa haki ya kura, wakaongezwa wengine, wakaingizwa wanawake wa Maskati, mwishowe kila mtu mzima. Na kazi ya Majlis nayo ikapanuka. Leo rasimu ya sheria inaletwa na serikali, inapelekwa kamati, inarudi ukumbini kujadiliwa kifungu kwa kifungu, kisha inakwenda Baraza la Dola, ambao wao ni wa kuteuliwa, na mabaraza mawili yasipokubaliana hukaa pamoja ndani ya jumba letu la Al Bustan. Waziri huja akatoa taarifa, akaulizwa. Mimi huyaandika yote.

Mama alipopewa haki yake alipiga kura shuleni, kwenye darasa lililotiwa pazia. Alipanga foleni na wanawake wenzake tangu asubuhi, amejifukiza udi utasema anakwenda harusini. Aliporudi, baba akamuuliza, "Haya, umempa nani?"

"Nimempa niliyempa," mama akajibu. "Nimeingia nyuma ya pazia peke yangu na Mungu wangu."

Baba aliuliza wakati wa chakula cha mchana, akauliza wakati wa chai ya jioni, akauliza mwaka uliofuata. Wallahi aliuliza mpaka akafa, na hakuambiwa. Tulicheka sana kwa habari ile. Hakuna kitu katika nchi hii mama alichokipenda kama lile pazia.

Na sasa nimlete mtu wa tatu, ambaye ni nesi mstaafu. Tukimwita khaloo, kama tunavyowaita dada za mama, ingawa si ndugu yetu wa damu. Naye ni wa kutoka Unguja, mdogo kwa mama kwa miaka mingi, lakini katika lile darasa la jioni walikaa dawati moja. Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, khaloo alikuja nyumbani kila alfajiri kabla ya zamu yake, miezi minne, akamdunga sindano, akambadilishia shuka, akaondoka. Hakuitwa na mtu. Mama alikuwa akimkimbilia na kikombe cha chai mpaka mlangoni, na yeye tayari yumo ndani ya gari.

Basi khaloo huyo, baada ya kustaafu, akatangaza kugombea kiti cha wilaya yetu katika Shura. Mama alipopata habari alipiga kigelegele jikoni, peke yake, mwiko mkononi.

"Ntampa kura yangu kabla hajaniomba," akasema.

Kaka yangu naye akaleta ujumbe wa sauti kwenye simu: wakubwa wa ukoo wamekaa, wameafikiana juu ya bwana fulani, msomi, ana ulimi, na ukoo mzima umwunge mkono. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Mwambie nimesikia," akasema, na akaendelea kukuna nazi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri wakakusanyika wanawake nyumbani kwa jirani mmoja kumsikiliza khaloo. Nilikwenda na mama. Alikuwapo pia mwenzangu wa kazini, mwanamke tunayeandika naye zamu moja ukumbini, mwenye Kiarabu cha kwao, cha mababu na mababu. Tukakaa pamoja, mama akakaa mbele.

Khaloo akasimama. Hakuwa na karatasi. Alisema jambo moja tu, na hata leo naweza kuliandika bila kukosa. Alisema wazee wetu wanapelekwa vituo vya afya na madereva au watumishi wa nyumbani, mtoto yuko kazini, na mzee akifika kwa daktari hawezi kusema panapomuuma. Huyu Kiarabu hakimtoshi, yule masikio hayamtoshi, mwingine anaona haya. Daktari anaandika anachodhani. Khaloo alitaka kila kituo kiwe na mtu mmoja, mmoja tu, wa kumsemea mzee kama vile mzee alivyosema. "Kama alivyosema mwenyewe," akarudia. "Miaka thelathini nimeona watu wanatibiwa maradhi wasiyokuwa nayo."

Lilikuwa jambo la maana kuliko nusu ya niliyoyaandika mwaka ule. Lakini mimi, badala ya kusikia jambo, nilikuwa nasikia Kiarabu chake. Kilikuwa kile kile cha darasa la jioni. Kila alipokosea nilihisi kama mtu ananivuta ushungi kichwani mbele za watu. Nikamwona amesimama ukumbini, taa ya kipaza sauti chake imewaka, wajumbe wa wilaya zote wamegeuza shingo, na mimi chini ya jukwaa kalamu mkononi, na wote wanajua huyu ni wa akina nani. Mwenzangu akaniinamia sikioni. "Huyu akiingia," akasema, "mahdhari itahitaji mkalimani."

Nikacheka. Sikutabasamu tu kwa adabu, nilicheka.

Palepale mama akainuka kwenye kiti chake cha mbele. "Huyu," akasema, kwa Kiarabu chake na sauti yake ile ya dukani, "kamdunga sindano mume wangu miezi minne! Chai yangu hajanywa! Mpeni, enyi wanawake, mpeni, anajua kazi!" Katikati akachomeka maneno matatu ya Kiswahili, na khaloo mwenyewe akamfanya mwanamume. Wanawake wakaangua kicheko, kicheko kizuri, cha kumpenda, na wengine wakapiga makofi. Mwenzangu akaniuliza, "Unamjua yule bibi?"

"Mzee wa kwetu," nikajibu.

Mzee wa kwetu! Utasema jirani wa mtaa wa pili, au mtu tuliyepanda naye gari moja. Nikiikumbuka sentensi ile natamani ardhi inimeze, na ardhi haimezi mtu kwa kutamani.

Siku ya kura ikafika. Sasa hakuna tena shule wala foleni wala pazia. Kura iko kwenye simu. Unaweka kitambulisho nyuma ya simu, simu inakisoma, unajipiga picha ya uso ijue kuwa ni wewe, inakuletea wagombea wa wilaya yako na sura zao. Mama hakuipenda. "Kura ya kukaa kwenye kochi," akasema, "haina hata ladha." Lakini alijitia wanja, akavaa nguo ya Idi, akakaa sebuleni tangu saa moja akingoja saa mbili ifike. Macho yake wakati huo yalikuwa na mtoto wa jicho, akiona kwa ukungu, na operesheni alikuwa bado.

"Nicheke au nisicheke?" akaniuliza nilipomwelekezea simu.

"Kaa kawaida, mama."

Simu ikamkubali. Majina yakaja na picha. Nikamsogezea picha ya khaloo, akaileta karibu mpaka ikagusa pua yake. "Kapendeza," akasema. "Ushungi ule nilimpa mie." Akanyoosha kidole abonyeze. Kidole cha mama kimekauka kwa miaka ya kukuna nazi na kufua. Kile kioo hakikumsikia. Akabonyeza tena. Hakikumsikia. Akacheka, akanipa simu.

"Hebu bonyeza weye, mwanangu. Bismillahi."

Nikaichukua. Nikajigeuza kidogo, kama mtu anayetafuta mwanga wa dirishani. Na nikambonyeza yule bwana wa ukoo, aliyekuwa chini ya khaloo kwa upana wa kidole. Simu ikaniuliza, una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Sikusukumwa na mtu, wala sikukosea, na siku zile nilikuwa sijalala vibaya wala sina homa. Nilikuwa na akili zangu timamu, na mama yangu amekaa hapo, magoti yetu yanagusana.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akajipangusa uso kwa viganja viwili kama tunavyofanya baada ya dua.

Kura yangu mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumpa bwana yule yule. Nilijiambia ni amri ya ukoo, nimemtii kaka yangu. Uongo mtupu! Kaka yangu huyo sijawahi kumtii hata katika kuchagua rangi ya ukuta.

Khaloo hakupita. Tena si kwa kura moja wala mbili. Alikosa kwa mbali, na ningekuwa mkweli angekosa vile vile. Watu hudhani hilo linapunguza uzito. Mimi naona linauzidisha. Sikumfaidi mtu yeyote kwa kitendo kile. Nilimwibia mama kitu ambacho kwa mwingine hakikuwa na faida hata ya chembe, na kwake yeye kilikuwa ndicho alichonacho.

Wiki ile ile khaloo akaja kutushukuru. Alizunguka nyumba zote za waliomwunga mkono, amebeba sinia la mkate wa kumimina alioupika mwenyewe. Nilikuwa jikoni namimina kahawa, na mlango uko wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Kura yangu unayo, shoga yangu," mama akamwambia. "Niliiona sura yako kwa jicho langu."

"Najua," khaloo akasema. "Nilipokuwa naangalia hesabu zinavyosomwa, nilikuwa najiambia, zimo mbili za nyumba ile. Hata zingekuwa hizo mbili tu, nisingeona haya."

Nikasimama na birika mkononi mpaka kahawa ikafurika kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kunidondokea miguuni. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa mwosha na maiti pia. Nikafuta sakafu, nikajaza vikombe vingine, nikaingia nao sebuleni nikitabasamu. Khaloo akanishika mkono akaubusu upande wa juu, kama unavyombusu mtoto. Mkono ule ule wa kubonyeza.

Basi ningeweza kukaa na siri yangu mpaka kaburini. Watu wanakaa na makubwa zaidi. Kilichonitoa ni kazi. Miezi ikapita, ikafika siku ya taarifa ya afya ukumbini. Taarifa ikasomwa, wajumbe wakaanza kuuliza, taa za vipaza sauti zikiwaka na kuzima. Wakauliza habari za majengo, za vifaa, za ajira za vijana wetu hospitalini. Maswali mazuri. Yule bwana wetu naye akasimama, na sitamsema vibaya, maana Kiarabu chake kilikuwa kama maji ya falaji, mifereji yetu ya mashambani, safi, hakina jiwe. Aliuliza juu ya barabara ya kuingilia hospitali. Nikaandika. Na nikawa nangoja. Nilingoja mtu aseme habari ya mzee asiyeweza kusema panapomuuma. Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Mwenyekiti akafunga kikao.

Nilibaki nikiipitia mahdhari ile ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba neno lingeweza kujiingiza lenyewe. Lakini sisi tunaandika lililosemwa. Lisilosemwa halina ukurasa. Mwenzangu akaniuliza, "Kuna kosa?" Nikamwambia hakuna, kila kitu kiko sawa sawa kama kilivyosemwa.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Mama alikuwa barazani anachambua mbaazi, na sasa macho yake yalikuwa yamekwisha kufanyiwa operesheni, anaona mpaka chembe ya mchanga. Nikakaa chini miguuni pake. Nikamwambia, "Mama, ile kura yako sikumpa khaloo."

Vidole vyake havikusimama. "Ulimpa nani?"

"Yule bwana wa ukoo."

"Kaka yako kakwambia?"

Hapo, nakiri, nilikuwa na mlango wa kutokea, na nikautumia. "Ndiyo, mama."

Akanitazama kwa macho yake mapya. "Kaka yako," akasema. "Tangu lini ukamsikiliza kaka yako?"

Akaendelea kuchambua, anatupa mbovu kwenye kibia, nzima kwenye sufuria. Akanipa muda wangu wote.

"Kiarabu chake, mama," nikasema mwishowe. "Niliona haya. Niliogopa kumwandika."

"Kiarabu cha nani? Cha khaloo wako?"

"Ndiyo."

Sasa vidole vikasimama. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Nilidhani atalia. Hakufanya moja katika hayo.

"Mie na yeye tumekisoma dawati moja," akasema. "Kiarabu chake ndicho changu."

Nikaanza kusema, mama, sivyo, wewe ni mama yangu, wewe ni mbali. Akainua mkono nisiendelee. "Yeye usimwambie," akasema. "Anadhani nyumba hii ilimpa mbili. Mwache adhani. Aibu hii tutaificha mie na weye, kama mama na mwana." Kisha akaniambia nilete chumvi, mbaazi zipate kuwekwa motoni. Nikaileta. Tukala mbaazi zile jioni, zilikuwa tamu kama siku zote, na akanipakulia yeye mwenyewe.

Nikadhani yamekwisha. Mjinga mimi! Sikuijua adhabu ilipokuwa imejificha, na sidhani mama aliikusudia iwe adhabu. Siku chache baadaye nilimkuta amesimama mlangoni, ushungi kichwani, kikapu mkononi, ananingoja nirudi kazini.

"Nenda weye dukani," akasema. "Muulize kama kaleta ndimu."

"Si umeshavaa, mama? Twende wote."

"Nenda tu. Weye unasema vizuri."

Tangu siku ile sijamsikia mama akisema Kiarabu. Mwenye duka huniuliza kila mara, bibi mgonjwa? Jirani mwenye nyumba ile ya mkutano akija, mama anamkaribisha kwa mkono, anamtilia kahawa, anatabasamu, na mimi ndiye ninayezungumza. Simu ikilia na namba haijui, ananiletea. Kurani bado anaisoma, kila baada ya alfajiri, kwa tajwidi ile ile isiyo na kosa, na mimi huamka nikakaa nyuma ya mlango nikasikiliza, kwa kuwa ndio wakati pekee Kiarabu kinapopita kinywani mwake. Lakini sauti yake ile ya duka zima imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Nimemwomba, nimemsihi. Nimemwambia, "Mama, sema utakavyo, nani atakucheka?" Hunitazama tu, kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyesahau maneno yake mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpeleka kituo cha afya, kifua kilikuwa kinamsumbua. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akamgeukia yeye mwenyewe, akamuuliza kwa Kiarabu laini, "Panauma wapi, mama yangu?" Zamani mama angemweleza habari yote mpaka ya mwaka wa mafuriko. Sasa akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma ili mwingine aandike:

"Mwambie pananiuma hapa. Si maumivu ya kuchoma. Ni kama kitu kizito kimekaa, na nikitaka kusema ndio kinazidi."

Nikamwambia daktari. Sikuongeza, sikupunguza. Nilisema hapa, nilisema si ya kuchoma, nilisema kitu kizito, nilisema akitaka kusema. Daktari akaandika.

Mama alikuwa ananitazama midomo wakati wote niliokuwa nasema. Kiarabu anakielewa, kila neno alilisikia. Hata hivyo nilipomaliza akanishika kiwiko, akaniuliza, kama anavyoniuliza sasa kila mara, dukani, kwenye simu, kwa majirani:

"Umesema kama nilivyosema?"

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Akamgeukia daktari, akamtazama usoni kuona kama ni kweli.